Mjomba Alipokuja Kunichukua Darasani

Nilipoacha shule nilikuwa kidato cha tatu, na mimba yangu ilikuwa imeanza kukataa kufichwa na sweta. Hakuna aliyenifukuza. Niliacha tu kwenda, nikashika jembe kwenye kabichi na karoti za mama, kwetu milimani.

Binti yangu alipoanza kutambaa, mama akasikia kanisani kwamba Mwembesongo, kule mjini, kuna kituo kinachowafundisha sekondari vijana walioacha shule, hata wenye watoto, na kwamba watoto huangaliwa chumba cha pili. Akanituma kwa mama mdogo, anayeishi jirani na kituo hicho. Hakumuuliza mjomba.

Kwetu Waluguru hilo si jambo dogo. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli. Tena mjomba alikuwa ameshanipatia mume, mtu wa Kisaki aliyefiwa na mkewe.

Siku ya kwanza nilifika kituoni nimejiandaa kwa maswali. Mwalimu wa hesabu, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alinitazama, kisha akamtazama mtoto mgongoni.

"Hapa hatuulizi kwa nini uliacha," akasema. "Ulikuwa umefika mada gani?"

"Logarithimu."

"Basi hujachelewa. Wenzako hawa zinawatoa jasho sasa hivi."

Darasa zima likacheka, hata baba mmoja mwenye ndevu aliyekaa mbele. Nikacheka nao. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilicheka lini mbele za watu.

Mjomba alikuja masika. Nilikuwa ubaoni nikifanya swali nilipomwona nje, amevaa koti lake la misa, viatu vimejaa tope jekundu. Mwalimu akatoka kumpokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimemfuata binti yangu."

"Yupo kwenye swali. Akimaliza nitamwita. Karibu kiti."

Akamwekea kiti barazani, akarudi ndani kama vile hakuna kilichotokea. Mimi namba zote zilikuwa zimenikimbia. Mara nikasikia mwanangu analia chumba cha pili, kile kilio chake kisichonyamaza chenyewe. Dada anayewaangalia watoto alikuwa anamlisha mwingine. Nikaweka chaki chini.

"Malizia kwanza mstari huo," mwalimu akasema taratibu.

Kilio kikakatika. Nikachungulia. Mjomba alikuwa amembeba! Tangu mtoto yule azaliwe hakuwahi hata kumgusa, na sasa alikuwa anatembea naye barazani akimpigapiga mgongoni, mtoto ameng'ang'ania kola ya koti. Nikaokota chaki. Nilikosea, mwalimu akasema nimekosea, nikabishana naye, nikaona kosa, nikafuta, nikapata.

Nilipotoka nikapiga goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Mzito huyu."

"Anakula sana."

"Nilikuja kukuchukua. Yule mtu wa Kisaki anasubiri jibu."

"Najua, mjomba."

Sikuthubutu kuinua uso.

"Nimekusikia humo ndani unabishana na mwalimu," akasema. "Tangu upate huyu mtoto nilidhani umekuwa bubu." Akanipa mtoto, akajikung'uta koti. "Nitamwambia atafute kwingine. Ila umalize. Usije ukaniaibisha."

Alikula ugali kwa mama mdogo, akapanda gari la mchana kurudi milimani. Alipoondoka nilienda bombani kana kwamba nanawa uso, nikalia mpaka nikaishiwa machozi. Sikuwa na huzuni hata chembe. Ni kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni aliokwisha kusahau kwamba ameubeba.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, simu yangu iligoma kuyafungua. Mama mdogo akayasoma kwenye ya kwake, akaanza kupiga vigelegele kabla hajaniambia neno, majirani wakajaa uani wakidhani kuna mchumba. Nilimpigia mama, kisha mjomba. Mjomba aliuliza jambo moja tu: "Na hesabu?" Nikamwambia nimefaulu. Nikamsikia akivuta pumzi ndefu.

Mwaka huu nasoma ualimu. Lakini siku ile ya matokeo sikuwaza chuo wala kitu kingine. Niliingia ndani, nikajilaza kwenye kochi na viatu vyangu miguuni, mchana kweupe, nje wanacheza ngoma ya ndoo, nikalala usingizi mzito.