Rangi za Kulamba

Harufu ya udongo mbichi ukutani ndiyo harufu ya kiangazi chetu. Pamba ikishavunwa, wanawake wa kijiji chetu, nje kidogo ya Mhunze, walisiriba nyumba upya na kuzichora, na aliyeitwa kila mji ni bibi yangu, Bibi Kija. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa darasa la sita, mwalimu wetu wa sanaa alitangaza kwamba picha moja ya shule yetu itapelekwa kwenye maonyesho Mwanza. Anayetaka kuchora alete rangi zake. Rangi gani, jamani? Madukani hapakuwa na hata sabuni, sembuse rangi! Mimi niliitaka safari ile ya picha yangu kuliko chakula.

Bibi hakubabaika. Alinichagulia vifaa kwa namna yake, yaani kwa ulimi. Kila udongo aliulamba kwanza. Usioshika ulimi, alisema, hautashika ukuta. Mweusi tuliuchimba mbugani, mwekundu mjomba alituletea kutoka Bugarama, na mweupe tuliufuata sokoni kwa muuza udongo wa wajawazito. Alipomwona Bibi analamba bonge baada ya bonge, yule mama aliangua kicheko.

“He! Bibi Kija, umri huo bado tu?”

“Cheka, mwanangu. Namwonjea mjukuu.”

Tulichanganya na utomvu wa mgunga ili rangi isipukutike, na brashi ikawa singa za mkia wa ng'ombe zilizofungwa kwenye bua la mtama. Nilichora wanawake wakipakia pamba, siku nne nzima, na nasema bila haya kwamba ilikuwa picha nzuri.

Mwalimu aliipitishia kidole gumba, akakinusa.

“Nilisema rangi. Sikusema matope.”

Darasa zima lilicheka. Akaichagua picha ya mtoto wa bwana mmoja wa kiwanda cha pamba, aliyenunuliwa kiboksi cha rangi Nairobi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtoto yule alijua kuchora. Lakini picha yangu haikutazamwa hata kidogo! Ilinuswa tu. Nakasirika hata sasa ninapoandika.

Kesho yake Bibi alifika shuleni na kanga yake ya kazi. Mwalimu akamwamkia, “Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Mwalimu, nyumba unayolala niliisiriba mimi. Mbona matope yale hujayanusa?”

Mwalimu alitazama chini, akasema majina yameshapelekwa. Basi, ikaishia hapo. Sikushika brashi tena mpaka nilipokuwa mama wa watoto wawili, na miaka hiyo yote hakuna wa kunirudishia.

Siku hizi nachora, na maduka yamejaa rangi za kila aina. Juzi jirani yangu alikuja na orodha ndefu ya shule, akitaka nimchagulie bintiye anayeanza kuchora: brashi za namba hii, karatasi za uzito ule. Nikamwambia, mama, rangi tatu zinatosha, na brashi moja isiyopukutika manyoya. Ila kabla hujanunua chochote, nenda kamwone mwalimu atakayemfundisha. Mwulize, siku mtoto wako akimletea picha ya matope, ataitazama?