Mwalimu wa Nzi

Ndizi zilizooza, ambazo wateja wa soko la Majengo huzikataa, Kashinje humpelekea mwalimu wa baiolojia awalishe nzi wake. Mwalimu huwapasha nzi chupani kwa maji vuguvugu, taratibu, ili jeni zao za kuhimili joto ziamke, ndipo huitia chupa kwenye maji ya moto zaidi, aone kama watahimili. "Zamani jeni hiyo ilikuwa moja," hunong'ona, kana kwamba nzi wamelala, "ikajinakili vizazi na vizazi, sasa ziko kadhaa." Juzi Kashinje, aliyeishia darasa la tano, aliomba kuchungulia. Wanafunzi wakacheka: "Muuza ndizi na jeni wapi na wapi!" Mwalimu akasogea kwenye benchi kumpisha, akamkabidhi lenzi kwa mikono miwili.

"Wameanguka chali, mwalimu... Ee, huyu kainuka!"

"Haya, waeleze wenzako."

Neno hilo, wenzako, Kashinje alikwenda nalo mpaka nyumbani, akishukuru njia nzima.