Maiti wa Televisheni Hawajui Kufa

Mama yangu ni mwosha. Kwetu Unguja, akifa mwanamke mtaani, mlango unaogongwa ni wetu, hata kama sufuria iko motoni. Nimekua nikimwona akirudi nyumbani ananukia kafuri, anavua baibui, anaomba chai, na hakuna anayemuuliza alikotoka. Kwa hiyo alipokuja kukaa nami huku Guangzhou nilitegemea alalamikie chakula, baridi au lugha. Alilalamikia maiti wa kwenye televisheni.

"Hawajui kufa hawa," alisema siku ya pili tu, kikombe mkononi. "Hebu mtazame. Ati kafa tangu jana, na mkono unaning'inia laini namna hiyo!"

"Mama, huo ni mchezo."

"Na mchezo si uchezwe vizuri?"

Ilikuwa tamthilia ya upelelezi ya Kichina, ya zile zisizokwisha, yenye mpelelezi wa koti refu na msaidizi wa kike asiyecheka. Mama hakuelewa neno hata moja, wala hakuhitaji. Kila sehemu ilikuwa na maiti wake, na kila maiti alikaguliwa upya sebuleni kwangu. Huyu ameopolewa mtoni baada ya siku kadhaa, mbona ngozi ya vidole haijajikunja? Yule macho yamefumbwa vizuri, nani kamfumba ikiwa muuaji alikimbia? Mwingine kajinyonga na uso umebaki mzuri kama wa bibi harusi. Daktari wao wa maiti alipomgeuza mtu mzima kwa mkono mmoja, Mama alicheka hadi akapaliwa.

"Peke yake! Maiti mzito, mwanangu. Mzito kuliko alivyokuwa hai. Niulize mie."

Nilicheka naye, lakini ndani nilikuwa nimekasirika, kwa sababu sikumleta Guangzhou kutazama televisheni.

Nilimleta kwa ajili ya kaka yangu. Kaka alifia huku miaka michache iliyopita, wakati ule ndege zimesimama na kila mtu amefungiwa alipo. Aliugua ghafla, akafa, akazikwa na Waislamu wenyeji wasiowajua hata wazazi wake. Walimwosha, wakamkafini, wakamsalia, Mungu awalipe kheri. Sisi nyumbani tulipata simu tu. Picha hatukupata na hatukuomba, maana kwetu maiti hapigwi picha. Angefia Unguja, wanaume wangemwosha, na kabla ya kufungwa sanda uso ungefunuliwa ili mama yake amuage. Mwanamke aliyewafumba macho na kuwafunga taya maiti wa nyumba zote za mtaa, mtoto wake mwenyewe hakumwona.

Basi akakataa kwamba amekufa. Hakupiga kelele wala hakulia, alikataa tu. Hitima ilisomwa na wajomba sebuleni, yeye akakaa jikoni anachambua mchele. Ukimwambia pole, anakuuliza, "Nani alimwona?"

Njia zilipofunguka mimi ndiye niliyekuja kushika kazi ya kaka, ya kununua nguo za jumla na kuzipeleka nyumbani. Nilipotulia kidogo nikamkatia Mama tiketi nikiwa na nia moja: nimpeleke kaburini, aone jiwe, arudi Unguja akiwa amekubali. Nilidhani ni kazi ya siku moja.

Kumbe nimemleta msimu mbaya. Ni ule wakati wa mwaka ambapo huku hewa hujaa maji na kuta hutoka jasho. Unaamka sakafu imelowa na hakuna aliyemwaga kitu. Vioo vinatiririka, nguo ulizoanika juzi bado mbichi, kabati linanuka uvundo. Mimi nimezoea. Mama alipitisha kiganja ukutani, akakitazama, akakipangusa polepole kwenye nguo yake.

"Nyumba hii kaiosha nani?" aliuliza.

Nikamwambia ni hewa tu. Tangu siku ile hakuegemea ukuta tena.

Kila asubuhi nilimwambia twende, na kila asubuhi alikuwa na sababu. Goti. Mvua. Ndoto aliyoiota na haikumridhisha. Siku moja nilishaita gari, liko chini linangoja, akaniambia hajamaliza uradi. Mimi subira sina, na sijawahi kudai kwamba ninayo. Nilipandisha mori. Nikamwambia tiketi ya kurudi haingoji uradi, kwamba watu wote wamekubali isipokuwa yeye, kwamba ametuchosha. Alinisubiri nimalize.

"Unataka nikamlilie mtu gani?" alisema. "Umemwona wewe?"

"Sikumwona."

"Basi."

Nikatoka, nikaenda zangu sokoni Shisanhang, nikagombana na laoban wa duka la magauni, mwenye duka ambaye hakuwa amenikosea chochote.

Ukweli ni kwamba maneno yake yalikuwa yameanza kuniingia. Mtaa wa Dengfeng umejaa watu wetu, na mara mbili tatu nilijikuta namfuata mtu mgongoni kwa sababu ya namna anavyotupa mabega akitembea. Nampita, nageuka, namwangalia usoni, si yeye. Nilirudi nyumbani na sikumwambia Mama. Ukikaa na mtu anayekataa kifo, na wewe unaanza kuchungulia.

Mchana ule mvua ilinyesha na sikwenda sokoni. Mama alikuwa kitini na chai yake. Sehemu mpya ya tamthilia ikaanza, nikapiga ukelele kwa furaha, maana safari hii walituonyesha sisi. Ati ndiyo Dengfeng! Nikaanza kumtajia Mama makosa. Ngoma zinapigwa barabarani, wakati huku ukifungulia redio tu jirani anakuja juu. Wanawake wana vikapu kichwani. Duka la simu limetundika bendera ambayo si ya nchi yoyote duniani. Mfanyabiashara aliyeuawa walisema ni Mtanzania, lakini wenzake waliomlilia mlangoni walizungumza Kilingala, na maandishi ya chini yakaeleza kwamba ni Kiswahili. Nilicheka machozi yakanitoka.

"Mama, umekisikia hicho Kiswahili?"

Nikageuka. Kikombe kilikuwa kimesimama katikati ya safari kwenda mdomoni.

Kwenye kioo ilikuwa miguu tu. Kamera ilianzia kwenye nyayo za mtu aliyelala sakafuni, ikawa inapanda taratibu. Mama amezoea kuwatambua watu kwa miguu, maana ndiyo inayotokeza kwanza chini ya shuka. "Wee," alisema kwa sauti ndogo. Kamera ikapanda magoti, ikapanda tumbo, ikapita kwenye shati lililopakwa damu ya bandia, ikafika usoni. Ulikuwa uso wa kaka yangu.

Maelezo yalikuja baadaye, na ni mepesi sana. Mawakala hupita hapa kwetu wakitafuta nyuso za Kiafrika za kujaza picha. Unakwenda, unapewa wali kwenye kiboksi, unalipwa, unarudi dukani. Wengi wamefanya na wengi hawasemi. Tamthilia nazo huku hukaa miaka kabla ya kuonyeshwa. Kaka hakutuambia. Pengine aliona aibu, mtu mzima na heshima zake, kulipwa ili afe. Lakini dakika ile sikuyafikiri hayo. Nilichofikiri ni kwamba amepatikana.

Nikashika rimoti nizime.

"Usizime," Mama alisema.

Hapo ndipo lilipokuja kosa ambalo watazamaji wote waliliona. Kaka alikuwa amelala chali, mikono imetupwa huku na huku. Wakakata picha, wakamwonyesha mpelelezi anavaa glavu, wakarudi sakafuni, na maiti sasa amelala ubavu wa kulia, shavu limegusa sakafu, miguu imenyooka, uso umetuelekea sisi. Huku tamthilia tunazitazama mtandaoni, maneno ya watazamaji hupita juu ya picha yenyewe, na yalifurika. Kichina nakisoma kwa kubabaisha, lakini haya niliyaelewa. Maiti kajigeuza! Maiti amechoka kulala chali! Vicheko juu ya vicheko, vinakatiza usoni mwake.

Mama hakuona kosa lolote.

"Nani kamlaza hivi?" aliuliza.

"Hakuna mtu, Mama. Kajilaza mwenyewe."

Nililijua hilo kama niliyekuwepo. Wamesimama kurekebisha taa, yeye amekaa kitako anangoja, kisha wakamwita tena afe. Naye akalala tunavyolazwa sisi, kwa ubavu wa kulia, kama aliyekwisha kutiwa kaburini. Nusu ilikuwa mzaha wake, namjua. Nusu aliogopa kufa vibaya, hata kwa kusingizia. Katika watu wote waliokuwa kwenye chumba kile, ni yeye peke yake ambaye angeweza kukosea hivyo, na hakuna aliyeelewa hata akamwambia arudi chali.

"Rudisha," Mama alisema.

Nikarudisha.

"Tena."

Nikarudisha tena. Alikuwa amesogea mbele mpaka ukingoni mwa kiti.

"Anapumua," alisema.

Nikatazama. Kweli. Ubavuni, pale shati lilipokaza, kitambaa kiliinuka kidogo, kikashuka, kikainuka.

"Ni makosa yao, Mama. Amesahau kuzuia pumzi."

"Sikukuuliza makosa ya nani. Nimesema anapumua."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nilimwona anarudi Unguja na jambo hili, anamwambia kila anayemtembelea kwamba mwanawe amelala ubavu huko Uchina na anapumua, naye amemwona kwa macho yake. Asingekubali tena mpaka anaingia kaburini yeye. Miye ndiye niliyemleta, miye ndiye niliyemwashia televisheni. Na nilikuwa na hofu nyingine mbaya zaidi: nilikuwa nalitazama lile shati, na kila likishuka, roho yangu ilikuwa inaliomba lipande.

Mama akasimama. Akakunja mikono ya gauni lake mpaka viwikoni, vile anavyofanya anapoingia chumbani kwa maiti, akapiga magoti mbele ya televisheni.

"Mwondolee hayo maandishi usoni."

Nikayaondoa maneno ya watazamaji. Alibaki kaka peke yake.

"Rudisha mwanzo. Nikikwambia simamisha, simamisha."

Shati likainuka. Likashuka. Mama alikuwa karibu sana na kioo, na nikagundua kwamba mabega yake yanapanda na kushuka pamoja na lile shati. Likainuka. Likashuka tena, taratibu, mpaka chini kabisa, pale mtu anapokuwa ameshatoa pumzi na hajavuta nyingine.

"Hapo."

Nikabonyeza.

Hakuna kilichosogea. Nje mvua ilikuwa inanyesha, lakini nakumbuka sikuisikia. Mama alimtazama kuanzia nywele, akashuka shingo, bega, mpaka miguuni, bila haraka, kama anavyowatazama wote. Macho ya kaka hayakuwa yamefumba sawasawa. Akapitisha vidole viwili juu yake, kwenye kioo. Kisha akasema maneno ambayo hatukumsikia akimsomea kaka hata mara moja tangu ile simu: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Aliyasema kwa sauti yake ya kazini, isiyotetemeka.

"Nimemwona," alisema.

Halafu ile sauti ikavunjika. Alilia kama mtu aliyepigiwa simu dakika hiyo, kilio cha miaka yote aliyokaa jikoni, na mimi nikashuka kwenye sakafu iliyolowa nikamshika. Nililia kwa huzuni, na nililia kwa kufarijika, na sioni haya kusema hivyo.

Alipotulia akavua khanga aliyojitanda, akaifunika televisheni, akaziweka pembe zake sawa.

"Kesho asubuhi nipeleke kwake," alisema. "Sasa usimfunue."

Akaenda kutia udhu. Nilisikia maji bafuni, na sauti yake ikinuia. Televisheni ilikuwa bado inawaka, na mwanga wake ulipenya kwenye nyuzi za khanga. Rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyeisimamisha pumzi ile, na kubonyeza mara moja tu kungemrudishia. Sikubonyeza. Nilikaa palepale sakafuni, macho kwenye khanga, nikingoja iinuke.