Tomu ya Chini na Tumbo la Miezi Saba

Mimba yangu ilipofika mwezi wa saba, nilianza kushindana na ngoma moja. Mimi ndiye mpiga ngoma wa bendi yetu ndogo ya harusi hapa Bujumbura, na mume wangu anapiga gitaa la besi. Tumbo lilinilazimisha kurudisha kiti nyuma na kukipandisha. Ngoma nyingine nilizisogeza zikanifuata. Ile kubwa ya mkono wa kulia, tunayoiita tomu ya chini, ilibaki kwenye miguu yake mitatu ya chuma, mifupi, na kila nilipoinama kuifikia mgongo ulikaza.

Kiongozi wa bendi, mwenye vyombo vyote na pikapu ya kuvibebea, aliniona nikikunja uso kwenye mazoezi.

"Mama, ukichoka useme tu. Kinanda iko na ngoma ndani. Nabonyeza, inapiga yenyewe."

Alisema kwa upole, ila nilielewa kuwa nafasi yangu ilikuwa hatarini.

Mume wangu naye alitaka niache. Mimba yetu ya kwanza ilitoka mwaka uliotangulia, na tangu hapo alikuwa akinifuata kwa macho hata nikienda tu kuchota maji jikoni. Sikumlaumu. Lakini bila ngoma ningeshinda nyumbani nikisikiliza mateke ya mtoto, nikiogopa yasikome. Hilo sikumwambia.

Kiongozi ndiye aliyekuja na wazo. Tuing'oe miguu ile, ngoma tuishike kwa kibano cha chuma, tuitundike kwenye stendi ya toazi. Itapanda juu kadiri nitakavyo, itanielekea, na mzigo wa kubeba utapungua. Tukajaribu katika chumba chetu cha mazoezi, mtaa wa Jabe. Nilipoipiga mara ya kwanza nilishtuka. Kwenye miguu, sehemu ya sauti ilikuwa ikimezwa na sakafu. Sasa ilining'inia hewani na sauti ikaendelea kutembea chumbani hata baada ya mkono kuondoka.

Mume wangu alichuchumaa, akaisukuma stendi kwa kidole.

"Uzito yote iko upande ya tumbo," alisema. "Hii stendi ni ya kubeba toazi, siyo pipa."

"Nimekaza kibano," kiongozi akajibu.

"Kibano haitaachia. Ni stendi nzima ndiyo itakuja."

Wote wawili wakanitazama. Nikaipiga tena, polepole, nikasikiliza.

"Iache hivyo," nikasema.



Harusi ilikuwa Jumamosi mchana, Kinindo, kwenye bustani ya nyumba kubwa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na jukwaa letu lilikuwa mbao zilizopangwa juu ya majani yaliyolowa. Niliziona nyufa kati ya mbao. Nikageuza stendi ili mguu wake mmoja uwe chini ya ngoma, kama inavyotakiwa, nikakaa.

Maharusi walipoingia, wimbo ukaanza taratibu, kisha ukapanda. Nilipofika kwenye tomu, nilihisi kitu kikishuka. Mguu wa stendi ulikuwa umeingia katika ufa. Ngoma ikaniinamia. Pigo jingine, ikaniinamia zaidi, na toazi juu yake likaanza kutetemeka karibu na uso wangu.

Bi harusi alikuwa katikati ya njia, hatua fupi fupi, akifuata mdundo wangu. Ningesimama, naye angesimama. Nikaushika ukingo wa ngoma kwa mkono wa kushoto na kuendelea kupiga kwa wa kulia. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Kiti kilikuwa kimenibana nyuma, na mtoto alikuwa amenyamaza kabisa.

Mume wangu akaona. Alikuja akipiga gitaa huku akirudi kinyumenyume, waya ukamfuata mpaka ukakaza, ukachomoka. Besi ikakatika. Hakujali. Aliegemeza nyonga yake kwenye stendi, akausimika mguu ule kwa kiatu, akabaki hivyo na gitaa bubu kifuani hadi maharusi walipoketi.

Kiongozi alitufuata nyuma ya jukwaa wakati wa hotuba.

"Umekata besi mbele ya watu!"

"Iko mutoto pale, mukubwa. Siyo gitaa."

"Ndiyo maana nilisema kinanda! Kinanda haianguke kwa mutu."

"Miguu iko wapi?" nikauliza.

Miguu ilikuwa imebaki Jabe. Ndani ya pikapu kulikuwa na stendi moja tu ya akiba, ile fupi yenye mikono mitatu ya kushikia ngoma ndogo. Nikaiomba. Tukaipandisha hadi mwisho, tukaikalisha tomu ndani yake kama sufuria juu ya mafiga. Haikutikisika. Haikulia pia: mikono ile iliibana kwa chini, na kila pigo lilikuwa kama kupiga godoro.

"Inakohoa," kiongozi akasema.

"Iache ikohoe."

Nikapiga hivyo mpaka mwisho. Katikati ya wimbo wa keki mtoto alinipiga teke chini ya mbavu, nikakosea mdundo, na sikuona aibu yoyote.

Wiki iliyofuata nilimtafuta fundi wa kuchomelea vyuma huko Cibitoke, anitengenezee miguu mirefu ya unene uleule, iliyopinda nje kidogo chini. Raba za chini nilizikata mwenyewe kutoka kwenye ndara. Kwenye mazoezi sauti ilirudi, fupi kuliko ile ya kutundikwa, lakini yenye mwili. Mume wangu aliishika ngoma kwa mikono miwili, akaisukuma kila upande, akaiegemea kwa uzito wake wote. Kisha akachomeka waya wa gitaa.

Kiongozi alikuwa amesimama kando ya kinanda chake.

"Bon, sawa," alisema. "Jumamosi tunaondoka saa nne."

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimwambia mume wangu kwa nini sikutaka kukaa nyumbani. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mi pia nasikiliza," akasema. "Ukilala, naweka mukono kwa tumbo."

Niliendelea kupiga hadi miguu ilipovimba nikashindwa kukanyaga pedali ya ngoma. Siku hiyo nilimpigia kiongozi simu mwenyewe, nikamwambia abonyeze kinanda.