Eksirei ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliteleza uani kwangu, kwenye maji ya nepi aliyoyamwaga mwenyewe. Nalisema hilo mapema, maana wapo ndugu zake upande wa Kilosa ambao hadi leo wananitazama kama vile nilimsukuma. Alikuwa amekuja Mikumi kumwangalia mke wangu, aliyekuwa ametoka kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Badala yake naye akalala kitandani, nikawa na watu wawili wa kupelekewa uji.

Mguu wa kulia haukugusa tena chini. Ukimshika karibu na nyonga anapiga ukelele. Lakini kilichomtisha zaidi ya maumivu ni habari ya jirani yake kule kijijini. Naye alianguka hivyohivyo, nyonga ikavunjika, akalala na hakuinuka tena mpaka walipomzika. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Basi na yeye akajiona ameshafika palepale.

"Mpunga wangu nani atauvuna?" akawa analia.

Yule mama ni mjane, analima mwenyewe, na sijawahi kusikia ameomba hata kibaba cha unga kwa mtu. Akilia yeye, mke wangu naye analia, na mtoto anadakia. Nyumba ikawa na matanga bila maiti. Nikasema imetosha, twende hospitali. Kazi yangu ni kuziba pancha za malori pale barabarani, na tairi halililiwi, linafunguliwa likatazamwa.

Sasa hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mzazi hajamaliza siku zake, hatoki. Kwa hiyo wa kumsindikiza ni mimi, mkwe. Na kwa desturi ya kwao mkwe hamgusi mama mkwe, hakai naye kiti kimoja, na hata kumwamkia anamwamkia akitazama pembeni. Wanawake wa jirani wakambeba hadi kwenye bajaji, mimi nikabanana na dereva mbele.

"Braza, mbona nyuma kuna nafasi?" dereva akaniuliza huku anacheka.

"Wewe endesha!"

Hospitali, daktari alimbonyezabonyeza, akasema apigwe eksirei ya nyonga. Mama mkwe akaniambia huku akitazama ukuta, "Baba, hebu waulize, inaunguza?"

Nikauliza kana kwamba ninayeogopa ni mimi. Na kusema kweli, nilikuwa naogopa. Mtaalamu wa mionzi, kijana mpole, akatueleza bila haraka. Haiunguzi wala haiumi. Bibi atalala juu ya meza, ni ngumu kidogo na ina ubaridi. Atanyooshwa mguu taratibu, hapo ndipo anaweza kusikia maumivu, kisha atulie kabisa, kwa sababu akitikisika picha inatoka na ukungu. Yeye mtaalamu atasimama nyuma ya ukuta, si kwamba anamkimbia, ila yeye anashinda na mionzi hiyo kila siku, na mgonjwa anapata kidogo tu.

"Haya, bibi, una kitu chochote mwilini? Cheni, pini, kitu kiunoni?"

Mimi nimesimama palepale mlangoni! Mama wa heshima zake ajibu nini mbele ya mkwewe?

"Sina," akasema.

Nikatolewa nje, mlango ukafungwa. Nikasikia mlio mfupi, basi. Kumbe ni hicho tu! Nikaanza kutabasamu peke yangu kwenye benchi. Mara yule kijana akachungulia, uso umekunjamana.

"Tunarudia," akasema.

"Kwa nini? Umevunjika?"

"Subiri kidogo, kaka." Akamwita muuguzi wa kike, wakaingia, mlango ukafungwa tena.

Subiri! Rahisi kusema. Nikaanza kupanga nitamwambiaje mke wangu na kitoto kile kifuani. Nikiwa katika hali hiyo muuguzi akatoka, akanitia mkononi leso iliyofungwa fundo.

"Shika vitu vya mama yako, vilikuwa vinaziba picha." Kabla sijafungua mdomo, akarudi ndani.

Leso ikalia chakacha. Ndani yake vipunje vidogo, vingi, vimetungwa kwenye uzi. Jamani! Mwanaume mwenye mke haulizi hizo ni nini. Shanga za kiunoni za mama mkwe, ziko mkononi mwangu! Kuziacha kwenye benchi siwezi. Kuzitia kwenye mfuko wa suruali yangu, Mungu apishe mbali. Nikabaki nimezining'iniza kwa vidole viwili, mkono umenyooka, kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

Baadaye tukaitwa kwa daktari. Mama mkwe akasukumwa kwa kiti cha magurudumu, mimi nikasimama mlangoni, mkono nyuma.

"Mfupa mzima," daktari akasema. "Hauna hata ufa. Ni nyama zimevia damu tu. Nitampa dawa za maumivu, na aanze kukanyaga leo."

Alhamdulillahi! Nilitamani kumbusu daktari. Lakini mama mkwe akatikisa kichwa. Hawezi, akasema, akikanyaga utavunjika. Daktari akambembeleza, muuguzi akambembeleza, wapi! Kaushika ule mguu kwa mikono miwili. Furaha yangu ikaanza kunywea, maana mguu mzima usiokanyaga hauvuni mpunga.

"Basi, bibi, mtarudi kesho," muuguzi akasema kwa kuchoka. "Na shanga zako usiwe na wasiwasi, anazo mwanao pale."

"Mwanangu yupi?"

Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akanitazama usoni. Kisha akatazama mkono niliokuwa nimeuficha.

"Yallah! Huyu ni mkwe wangu!"

Akainuka. Hakushikwa mkono, hakuomba fimbo. Akakivuka chumba kile akichechemea, akaninyang'anya leso, akaisokomeza kifuani.

"Bibi," daktari akasema polepole, "umesimama."

Akainamisha kichwa, akautazama mguu wake. Akaukanyagisha, mara moja, mara ya pili. "Eh! Nimesimama," akasema, machozi yakamtoka. Na mimi yalinitoka, ila niliyatolea pembeni, kama desturi inavyotaka.

Kwenye bajaji alipanda mwenyewe, akanionyesha kwa kidole nikae mbele. Tulipofika nyumbani akashuka, akapita uani taratibu, akaketi kitandani kwa mwanawe, akamchukua mjukuu.

"Mpunga nitauvuna mwenyewe," akasema.

Mke wangu akanifuata mlangoni, macho yamemtoka. "Wamempa dawa gani?"

"Eksirei tu," nikamjibu, nikitazama pembeni.