Ua la Shangazi Lililogeuka Nyanya

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya aibu, sitazunguka. Wanawake wa usharika wa shangazi yangu, Kihesa mjini Iringa, hutoa kalenda kila mwaka, na juu ya kalenda hukaa ua moja kutoka bustani ya mwanachama mmoja. Zamu hufuata orodha. Shangazi aliandikwa kwenye orodha hiyo nikiwa sekondari. Sasa nina kipara. Mwaka huu zamu ikamfikia, akaniomba nimpigie picha dalia yake nyekundu, nami nilipopita kwake mwezi uliopita nikaipiga. Wiki iliyofuata mwenyekiti wao, Mama Kikoti, mwalimu mstaafu, akanitumia ujumbe wa simu: "Tuliomba ua, tumeletewa nyanya. Jumamosi ndiyo mwisho. Baada ya hapo zamu inaenda kwa anayefuata."

Mimi nina studio ya picha Mwanjelwa, mjini Mbeya. Nimepiga picha za paspoti, za harusi na za kipaimara, na hakuna aliyewahi kuniletea maneno ya nyanya. Nikafungua ile picha kwenye kompyuta nikitafuta la kujitetea. Dalia ina petali nyingi, zimepangana safu juu ya safu. Kwenye picha yangu palikuwa na duara moja jekundu, limejaa, halina mstari hata mmoja. Lilikuwa linangoja kitunguu tu.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa ndani ya basi la Iringa. Nilikuwa nimeamua kwamba kosa ni uchache wa vifaa, kwa hiyo nilibeba kamera yangu, lenzi tatu, taa mbili, na bati la kurudishia mwanga nililoazima kwa mpiga picha mwenzangu. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja wa Kisukuma, ambaye ndugu zake walihamia bonde la Usangu zamani na sasa wanalima mpunga na kuchunga ng'ombe. Tangu Uyole nilimweleza habari za lenzi. Alisikiliza kwa adabu. Tulipokaribia Igawa nikamwonyesha ile picha kwenye simu, bila kusema ni ya nini, nikitumaini kwamba mtu asiyemjua Mama Kikoti ataona tofauti.

Akaitazama, akafunga kitenge chake vizuri, akasimama kushuka.

"Nyanya zenu za Mbeya nzuri, kaka," akasema. "Huku kwetu wadudu wamezimaliza."

Makambako upepo ulikuwa uleule wa siku zote. Nilikunywa chai bila hamu. Mafinga wenzangu walinunua viazi kupitia dirishani, mimi nikasafisha lenzi ambazo hazikuwa chafu.

Kihesa nilifika saa nane mchana. Shangazi alinipokea getini kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene, baba. Mizigo yote hii, unahamia?"

"Kamwene, shangazi. Shikamoo. Ni vifaa vya ua lako."

"Marahaba. Ua lenyewe ni moja."

Bustani yake iko nyuma ya jiko. Dalia alikuwa ameiegemeza kwenye mti mwembamba, na juu yake amefunga mwavuli wake wa kanisani, ule mweupe, tangu asubuhi. Nikacheka. Nikamweleza kwamba picha ni mwanga, na kwamba mwavuli ni wa mvua. Nikauondoa. Jua lilikuwa kali, na kwa usalama nikawasha na taa zote mbili, nikamshikisha bati. Alisimama hapo na bati lake nusu saa, mwanamke wa miaka sabini na ushee, akimulika ua ambalo lilikuwa linaonekana tangu barabarani.

Nikapiga picha arobaini. Tukaenda kivulini kuzitazama. Zilikuwa nyanya arobaini, na za safari hii zilikuwa zimepakwa mafuta.

"Baba," akasema taratibu, "nilipoliweka chini ya mwavuli nilikuwa naziona petali zote."

Nilikuwa nimekasirika, na zaidi nilikuwa nimekasirika kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Nikaurudisha mwavuli. Chini yake mwanga ulikuwa mpole, na kwa macho yangu mistari ikatokea petali kwa petali. Nikapiga. Safari hii likaja ua lililofanana kidogo na ua, lakini katikati bado palikuwa pameungua na kuwa rangi tupu.

Hapo nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka: nikaingia kwenye mipangilio ya kamera yangu mwenyewe. Nikakuta mwanga umeongezwa hatua moja nzima, na rangi zimewekwa kwenye kali. Nani kaweka? Nilikuwa nimeweka mimi, mwaka niliofungua studio. Wateja wa Mwanjelwa walikuwa wakitazama picha zao na kusema, "Mbona mweusi hivi? Ning'arishe." Nikachoka kumng'arisha mmoja mmoja, nikaifunga kamera kwenye kung'arisha, nikasahau. Tangu siku hiyo kila kilichopita mbele yangu kilitoka kimepauka na kunyooka: maharusi, watoto, maofisa wa kata, na sasa dalia.

Kwa wanaotaka kujua, jambo lenyewe ni hili. Kamera hupima nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake. Kwenye ua jekundu, nyekundu hujaa mapema na kumwagika wakati nyingine mbili ziko nusu, na kipimo cha jumla kinakwambia mambo ni shwari. Nyekundu ikishamwagika, tofauti ya petali na petali imekwenda, na hakuna kompyuta ya kuirudisha. Nikaondoa kung'arisha, nikaondoa rangi kali, nikapunguza mwanga hatua moja na nusu, nikafungua mchoro wa kamera unaoonyesha kila rangi kama kilima, nikakitazama kimoja tu, chekundu, mpaka kikaacha kugonga ukuta. Picha ilionekana na giza kidogo. Lakini petali zilikuwepo, kila moja na kivuli chake.

Jumamosi, kabla ya saa moja asubuhi, Mama Kikoti alifika akiwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Mawingu yalikuwa yamefunika mji, nasi mwavuli hatukuuhitaji. Nilipiga picha moja mbele yake. Akainama, akalinganisha ua na kioo cha kamera, akipita petali kwa petali na ncha ya kalamu kama anayesahihisha daftari.

"Ya tatu kutoka chini imetobolewa na mdudu," akasema. "Na hapa kwenye kioo imetobolewa. Nimekubali."

"Hilo tundu litafutwa," shangazi akasema haraka.

"Halifutwi. Ndilo linaloonyesha ni lako."

Alipoondoka, shangazi akajifunga kilemba upya, akakaa kwenye kigoda kando ya dalia. "Sasa nipige na mimi. Hivyohivyo, usiguse kitu."

Nikampiga. Kwenye kioo nikaona kovu juu ya jicho la kushoto. Alilipata akikata kuni, siku zile alizotulea mimi na dada yangu, mama alipokuwa amelazwa. Nimempiga shangazi picha nyingi maishani, na kwenye zote halipo. Nililifuta mimi. Nilihisi aibu ya pili, na hii haikutoka kwa Mama Kikoti.

Saa mbili nilimkabidhi picha ya ua fundi anayechapa kalenda pale mjini, na saa tatu nikapanda basi la Mbeya.

Igawa, saa saba mchana, simu ikaita. Alikuwa fundi, mchangamfu.

"Kaka, picha yako nilikuta ina giza. Nimekusaidia, nimeing'arisha. Inawaka mpaka raha."

"Irudishe ilivyokuwa."

"Sawa, nitapunguza kidogo."

Maneno hayo ninayajua, nimeyasema mwenyewe kwa wateja miaka kumi, na sikuwahi kupunguza kitu. Nikamwomba kondakta anishushie mizigo. Abiria wakaniona nikivuka barabara na taa mbili na bati, kungoja basi la kurudi nilikotoka. Katika saa nne zile za kurudi sikumweleza mtu yeyote habari za lenzi.

Saa kumi na moja na nusu jioni nilisimama nyuma ya fundi. Kwenye kompyuta yake palikuwa na nyanya. Nikampa kadi ya kamera yenye picha halisi.

"Wateja wanapenda inayowaka," akasema.

"Na mimi nilikuwa nasema hivyo."

"Sasa je?"

"Sasa nina shangazi."

Karatasi ya kwanza ikatoka na tundu lake. Nikasimama mpaka ya mwisho.

Jumapili nilirudi Mwanjelwa. Kamera imekaa kwenye sifuri, bila kung'arisha, tangu hapo, na picha ya shangazi iko ukutani, kovu na yote. Anayetaka kung'arishwa sasa inabidi aombe kwa mdomo wake, huku shangazi akimtazama. Wengi wanaomba vilevile. Ninawafanyia, ila kwanza ninawaonyesha walivyo, na wapo wachache wanaoitazama tena kisha wanasema iache hivyo.

Kalenda ilipotoka, nikampigia shangazi.

"Nimengoja zamu hii miaka yote," akasema, "na usharika mzima umeona tundu. Tangu jana watu wananiletea dawa ya wadudu. Ninazo chupa nne."

"Umekasirika, shangazi?"

"Nikasirike nini, baba? Ua la mwaka jana nani anakumbuka hata lilikuwa la nani?"