Jicho la Shemeji na Swali la Marekani

Nilimtoa shemeji yangu jicho kwa sababu ya Marekani, nchi ambayo yeye wala mimi hatujawahi kuikanyaga.

Usicheke. Ngoja kwanza.

Naitwa Muhirwa. Shule niliacha darasa la nne huko Makamba, Burundi, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoongea. Huu ni mwaka wangu wa tisa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda.

Shemeji yangu ni Anatole, kaka wa mke wangu Jocelyne. Tulikimbia pamoja, tukaandikishwa karatasi moja, na kesi yetu ya kwenda Marekani ikawa moja.

Kesi moja maana yake hivi: kila mtu mzima anahojiwa chumba chake, halafu majibu yanalinganishwa. Yakipishana, mnabaki wote. Sisi tulikuwa watu kumi na mmoja, watoto saba.

Mwaka juzi tukaambiwa tujiandae, mahojiano ni Mbarara baada ya miezi mitatu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi huko Marekani.

Hapo ndipo Déo akatuingiza mjini bila kukusudia.

Déo alikuwa mwalimu zamani. Siku hizi anatengeneza simu, na redio ya Wamarekani haizimi kibandani kwake.

"Safari hii wahafidhina wanaweza kushika nchi," akatuambia. "Atakayewahoji atataka kujua kama mnaamini wanachoamini wao."

Akatutajia. Mungu. Familia. Mali ya mtu iwe yake. Serikali isiingilie nyumba za watu. Mipaka ilindwe. Sheria ifuatwe. Mtu awe na haki ya kumiliki bunduki yake.

"Na kiini ni kipi?" Anatole akauliza. "Wakitaka kimoja tu?"

"Hata wao wenyewe wanabishana."

Sentensi hiyo iliingia sikio hili, ikatokea lile.

Kwa Sidonie, mpika pombe wa kambini, tunakunywa pombe ya ndizi, chungu kimoja, kila mtu na mrija wake wa tete. Hapo ndipo tulipofanyia mazoezi.

Mimi nilisema kiini ni familia. Baba awe baba, watoto wamjue Mungu, serikali ikae mbali na mlango wangu.

"Serikali ikae mbali?" Anatole akasema. "Na mahindi ya msaada unayokula, analeta mjomba wako?"

"Sema chako basi."

"Sheria. Sheria na mpaka. Mtu avune alichopanda, na aliyekosa alipe, hata akiwa ndugu. Familia bila sheria ni genge la wezi."

"Na wewe ulipovuka mpaka kuja huku, ulipiga hodi?"

Watu walicheka mpaka mirija ikawatoka midomoni. Anatole hakucheka.

"Hao wahafidhina wenu wanakunywa nini?" Sidonie akauliza. "Niwapikie, mnyamaze."

Hatukunyamaza. Wiki ya kwanza, wiki ya tatu, wiki ya tano. Jibu lilitakiwa liwe moja, na mmoja wetu alitakiwa ashuke. Kila mmoja alimwona mwenzake kama mtu anayewazamisha watu kumi na mmoja kwa ubishi wake.

Kisha mbuzi wangu akaingia kwenye maharage ya Anatole.

Nilimkuta mbuzi ameketi kwa matako, mguu wa nyuma unaning'inia kwa ngozi, analia kama mtoto. Anatole amesimama juu yake na panga.

"Mpaka ni mpaka," akaniambia. "Hii ndiyo maana ya mali ya mtu. Umeelewa sasa, au nirudie?"

Maziwa ya mbuzi yule ndiyo yaliyokuwa yakitiwa kwenye uji wa kitinda mimba wangu. Nilimchinja palepale, maana hakuna namna nyingine. Jocelyne alishika pembe, machozi yanamtoka.

Kesho yake mchana nilikwenda kwa Sidonie. Nikakaa, nikatia mrija wangu chunguni. Anatole akainuka, akauchomoa, akauvunja vipande viwili, akavitupa miguuni pangu.

Kwetu watu wa chungu kimoja ni watu wa damu moja. Ukivunja mrija wa mwenzako mbele za watu umemwambia: tangu leo usinijue, na nikifa usije kunizika.

Nilimpiga na kigoda nilichokalia.

Pigo la kwanza lilibeba meno mawili. Akashika panga lake, akanifungua bega mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Sikusikia maumivu. Chungu kilipasuka, tukaanguka kwenye tope la pombe, mimi juu. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Mguu wa kigoda ukaingia jichoni.

Lilitoa mlio mdogo, kama yai bichi likikanyagwa. Mpaka leo siwezi kula yai.

Afande Twinomujuni wa kituo cha polisi alitufunga pingu moja, mkono wa Anatole na wangu, wote damu tupu.

"Nyinyi batu munakimbia vita ya kwenu," akasema, "halafu munapigana vita ya Amerika? Amerika iko wapi hapa?"

"Ni Muhirwa," Anatole akasema, uso wake umevimba. "Andika jina lake, afande. Sheria ifuate mkondo."

Nililala mahabusu siku nne. Yeye alipelekwa hospitali Mbarara, wakatoa kilichobaki. Jocelyne akampigia kaka yake magoti mpaka akafuta mashtaka. Lakini Anatole hakuniongelesha tena. Hata siku ya mahojiano, Jocelyne alikaa katikati yetu kama ukuta.

Niliingia nimekariri familia yangu yote: baba, Mungu, mlango, serikali.

Mama wa Kimarekani aliuliza jina. Aliuliza siku tuliyokimbia. Wahafidhina hakuwataja hata kwa bahati mbaya. Halafu akasema kitu, na mkalimani, Mkongomani, akanigeukia.

"Mama anauliza, jicho ya shemeji yako njo ilipata nini?"

Ndugu zangu, nilihisi kiti kinazama.

Tulikuwa tumefanya mazoezi ya Marekani nzima. Jicho hatukulifanyia mazoezi.

Nikawaza haraka. Anatole ni mtu wa sheria. Jina langu alilitaja kwa afande mwenyewe, damu ikimwagika. Huko chumbani kwake atasema kweli. Nikidanganya, tutapishana.

"Nililitoa mimi," nikasema. "Kwa kigoda."

Wiki tatu baadaye barua ikaja. Maelezo yamepishana. Kesi imefungwa.

Nilishika panga, nikaenda kwa Anatole. Sitadanganya nilikuwa naenda kufanya nini.

Alikuwa amekaa mlangoni, barua yake mapajani.

"Uliwaambia nini kuhusu jicho?" nikamuuliza.

"Kijiti. Nilikuwa napasua kuni, kijiti kikaruka." Akaniangalia na lile lililobaki. "Wewe?"

"Kweli tupu."

Akaikunja barua yake. Kisha akasema, "Wewe si ulisema familia kwanza? Nikajua utadanganya ili watoto wapite. Nikadanganya pamoja nawe."

"Na wewe si ulisema sheria?"

"Nilisema."

Panga lilinitoka mkononi, sijui saa ngapi.

Funzo langu ni fupi. Mtu anayepigania neno mpaka damu, usidhani unamjua kwa neno hilo. Mimi wa familia niliipiga familia na kigoda. Yeye wa sheria aliikanyaga sheria kwa ajili yangu. Kama tungeulizana swali moja la kweli, badala ya kubishana la kubuni, watoto saba wangekuwa shule nyingine leo.

Jioni ile Anatole alikata tete, akanichongea mrija. Kwa jicho moja hakuweza kupima vizuri. Ni mrefu kupita kiasi, unanigonga kifuani nikikaa, na ndio ninaonywea mpaka leo.